Bolti Iliyokatikia Ndani

Vitabu vya historia vinaikumbuka Raskazone kwa Novemba 1914, pale maelfu ya askari walioletwa na Waingereza kutoka India waliposhushwa kwenye fukwe zake ili waiteke Tanga, na siku chache baadaye wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki, risasi na aibu. Kwa fundi pikipiki wa leo, sifa ya Raskazone ni nyingine. Ni kutu. Pikipiki inayolala huku haina haja ya kuulizwa inalala wapi. Utaijua kwa spoku, utaijua kwa cheni, na utaijua zaidi kwa zile bolti nne fupi zinazobana usukani, ambazo mwenye pikipiki hupitisha mwaka mzima bila kuzitupia jicho. Kisha siku moja usukani umepinda, au kioo cha pembeni kinabadilishwa, spana inawekwa, inavutwa, inasikika "tak!", na kichwa cha bolti kinabaki mkononi.

Kilichobaki ndani ya uzi ndicho tunachokizungumzia leo.

Rasi hii imejitokeza baharini mashariki ya mji, jirani na hospitali ya Bombo, na upepo wa bahari hauikosi: kaskazi miezi ya joto, kusi kuanzia masika. Upepo huo haupiti mtupu. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mawimbi yanapopasuka hurusha matone madogo ambayo upepo huyabeba hadi barazani, kwenye mabati, kwenye vitasa vya milango na kwenye pikipiki iliyoegeshwa uani. Chumvi ikishatua juu ya chuma huvuta unyevu wa hewa, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji ya mvua. Kutu, ukiichunguza, ni kazi ya umeme mdogo mdogo. Ndiyo maana bati la Lushoto na bati la Raskazone, hata yakinunuliwa siku moja, hayazeeki pamoja.

Halafu wapo wanaobeba samaki. Bodaboda anayetoka soko la Deep Sea na tenga nyuma, barafu ikiyeyuka, anasafirisha pia maji ya chumvi, na maji hayo hayachagui pa kudondokea. Jioni ataosha tairi, tangi na siti, yaani zile sehemu ambazo abiria anaziona. Bolti za usukani ziko mbele ya macho yake kutwa nzima, na huenda ndiyo sababu haziangalii.

Kwenye pikipiki nyingi za kazi, iwe Boxer, TVS au za Kichina, usukani ni bomba tu la chuma lililolazwa kwenye viti viwili vidogo juu ya bamba linaloshika shokapu za mbele. Juu ya bomba huwekwa vifuniko viwili, na kila kifuniko hukazwa kwa bolti mbili, moja mbele na moja nyuma. Nyingi ni za milimita 8, zinazofunguliwa kwa spana namba 12 au 13, au kwa alenki. Hakuna kingine kinachoshika usukani. Bomba halijachomelewa wala halina pini ya kulizuia. Linashikwa na msuguano peke yake. Bolti moja ikikatika, pacha wake hubaki akivuta upande mmoja, kifuniko kinainuka upande wa pili, na kila dereva anapofunga breki kwa nguvu usukani unasogea kidogo. Dereva huona mikono imeshuka, anaurudisha juu kwa kuuvuta, anaendelea na safari. Baada ya wiki ameshazoea, na mtu aliyezoea usukani unaosogea yuko hatarini kuliko yule aliyeuona leo akaogopa.

Bolti hizi hukatika kwa njia kadhaa, na anayetaka kuitoa iliyobaki ndani lazima kwanza ajue ilikatikaje.

Njia ya kwanza ni mkono wa fundi. Watengenezaji wengi hutaka bolti ya usukani ya milimita 8 ikazwe kwa takriban newtonimita 20 hadi 25. Kwa lugha ya gereji, ni spana ya sentimita 20 ikivutwa kwa uzito wa kilo kumi na kidogo. Sasa mchukue fundi anayechomeka bomba kwenye spana ili "ishike kweli kweli". Bomba la sentimita 60 likivutwa kwa kilo 30 linatoa kama mara saba ya nguvu iliyotakiwa. Hakuna bolti ya ukubwa huo inayostahimili hayo. Nyingine hukatika palepale. Nyingine hurefuka kidogo, shingo ikawa nyembamba, zikasubiri fundi mwingine aje azivunje na kulaumiwa.

Njia ya pili ni kopo. Kila gereji ina kopo la bolti mchanganyiko, na humo ndani milimita na inchi zinaishi pamoja bila kujuana. Tangu Mwingereza Joseph Whitworth apendekeze mwaka 1841 kwamba nyuzi za bolti ziwe na kipimo kimoja kinachojulikana, dunia imepata vipimo vingi badala ya kimoja, na Tanga, mji uliopata reli miaka ya 1890 na mashine za mkonge baada yake, ulirithi mchanganyiko huo mapema. Bolti ya tano kwa kumi na sita ya inchi ina unene wa milimita 7.94. Ukiishika mkononi huwezi kuitofautisha na ya milimita 8. Ukiiingiza kwenye tundu la milimita 8 itazunguka raundi moja au mbili vizuri, kisha itagoma, kwa kuwa hatua za uzi wake ni pana zaidi: kama milimita 1.41 dhidi ya 1.25. Fundi mwenye subira ataitoa na kutafuta nyingine. Asiye nayo atadhani ni uchafu, ataongeza nguvu, na bolti itaingia ikikata uzi wa kiti hadi pale itakapokatika yenyewe. Makosa mengi yanayosingiziwa kutu yalianzia kwenye kopo.

Ya tatu ni uchovu wa chuma. Mei 1842 treni iliyotoka Versailles kurudi Paris ilivunjika ekseli, watu zaidi ya hamsini wakafa, na wahandisi wa Ulaya wakaanza kujiuliza inakuwaje chuma kizima kilichobeba mzigo uleule kila siku kivunjike bila kuzidishiwa. Jibu lilikuja kwa majaribio ya Mjerumani August Wöhler, aliyekuwa akifanya kazi kwenye reli: mzigo mdogo ukirudiwa mara nyingi sana huweza kuvunja chuma ambacho mzigo mkubwa wa mara moja haukukiweza. Bolti iliyolegea kidogo kwenye usukani iko kwenye hali hiyohiyo. Ikikazwa sawasawa, mtikisiko wa barabara hauigusi sana. Ikilegea, kila shimo na kila tuta linaivuta na kuiachia. Ufa mdogo huanza chini ya kichwa au kwenye uzi wa kwanza, hukua kimyakimya, na mwisho hukatika wakati dereva hafanyi chochote cha ajabu.

Ya nne ndiyo ya hapa kwetu. Bolti ni chuma, na kiti chake mara nyingi ni aluminiamu. Metali mbili tofauti zikigusana penye unyevu wa chumvi, moja huliwa kwa faida ya nyingine, na hapa inayoliwa ni aluminiamu. Mabaki yake ni ule unga mweupe unaouona kandokando ya bolti. Unga huo, kama kutu yenyewe, unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyouzaa, na ndani ya tundu hakuna nafasi ya ziada. Kwa hiyo unabana. Bolti kama hii haikatiki ikiwa inakazwa wala ikiwa barabarani. Inakatika siku ya kufunguliwa.

Fundi mzuri hujulikana kwa anachofanya dakika chache baada ya kusikia ule mlio. Haongezi nguvu. Anafuta pale palipokatika, anainamisha kichwa, anatazama. Uso uliojisokota umekatwa na spana. Uso wenye sehemu laini yenye mistari kama ya mawimbi mchangani, na sehemu nyingine yenye chembechembe, umekatwa na uchovu. Unga mweupe au vumbi jekundu pande zote maana yake ni chumvi.

Tofauti hii ina faida kubwa mezani. Bolti iliyokatika kwa uchovu, au kwa kukazwa kupita kiasi penye uzi safi, haina tena kinachoibana; mvuto wote uliondoka na kichwa. Kisiki kilichobaki mara nyingi hulegea chenyewe. Ukikichokoza ukingoni kwa tindo ndogo yenye ncha, ukigonga kidogo kidogo kuelekea upande wa kufungulia, kinaweza kuzunguka na kutoka bila drili wala moto. Nimeona fundi akimaliza kazi hiyo huku mwenye pikipiki bado anatafuta kwenye simu namba ya mtu wa kuchomelea.

Kisiki kilichoshikwa na chumvi ni habari nyingine, na hapa wengi huharibu. Kinachotakiwa kwanza ni mafuta na muda. Wengi wanapenda WD-40, dawa iliyotengenezwa San Diego, Marekani, mwaka 1953 kwa ajili ya kuzuia maji na kutu kwenye makombora. Namba 40 ni ya jaribio lililofanikiwa. Ni nzuri, ila dizeli au mafuta ya taa nayo hufanya kazi ukiyapa nafasi. Mafuta hayapenyi kwa dakika mbili. Yape usiku mmoja, ukigonga kisiki kwa nyundo ndogo mara kwa mara ili mtikiso upasue ule unga.

Pili, moto. Aluminiamu ikipashwa hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo kinachopashwa ni kiti, si bolti: tundu linafunguka, bolti inabaki nyuma. Lakini aluminiamu ina ujanja wake. Haigeuki nyekundu kukuonya. Huyeyuka kwenye nyuzi 660 ikiwa na rangi yake ileile, na fundi wa gesi aliyezoea chuma huiona ikidondoka ghafla. Hakuna haja ya kufika huko. Tone la maji likidondoshwa juu ya kiti likachemka na kuruka, moto umetosha. Wapo wanaogusisha nta ya mshumaa kwenye ukingo wa kisiki wakati huo; nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya uzi. Na kabla ya yote haya tangi la petroli limeondolewa na kuwekwa mbali. Ninalisema kwa sababu huwa haliondolewi.

Kama kisiki kimechomoza hata kwa milimita chache, kuna njia tatu na zote ni za heshima: kukibana kwa vaisi gripu, kukipiga tupa pande mbili ili spana ishike, au kukipasua mfereji kwa msumeno wa chuma kisha bisibisi pana. Ikishindikana, nati huwekwa juu yake na kuchomelewa kupitia tundu lake la kati. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa inatoa mkono mpya wa kushikia na joto kwa wakati mmoja, na cheche za chuma hazishiki kwenye aluminiamu. Waya za betri zitolewe kwanza, na waya wa ethi ubanwe karibu kabisa na pale panapochomelewa, ili umeme usikatize kwenye beringi za shingo ya pikipiki na kuziunguza. Nati ikipoa kidogo huzungushwa taratibu, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Anayevuta upande mmoja tu atakata tena.

Kisiki kilichokatikia ndani ya tundu ndicho kinachotaka drili, na drili inataka unyoofu. Hapo sishauri kazi ifanyike pikipiki ikiwa imesimama juani, mtu mmoja ameshika usukani na mwingine amepanda juu ya drili. Vua kiti, au bamba zima, ukalibane kwenye jiliwa au upeleke kwa fundi wa kukereza vyuma mwenye drili ya meza. Piga alama katikati kabisa kwa senta panchi. Toboa kwa biti ndogo ya milimita 3, kwa mwendo wa polepole na mafuta, kisha ongeza. Ukiwa na biti ya mkono wa kushoto una bahati, kwa sababu inapotoboa inavutia upande wa kufungulia, na mara nyingi kisiki hutoka chenyewe kabla hujamaliza. La sivyo endelea hadi milimita 6.8, kipimo cha tundu la uzi wa milimita 8, na mabaki ya bolti yatatoka kama waya uliojikunja. Tapu ikipita humo, nusu raundi mbele na robo nyuma, uzi wa asili hurudi. Ukiwa umeharibika, tundu hupanuliwa kuwa la milimita 10, au huingizwa uzi mpya wa waya wa chuma.

Kuna kifaa cha kuchomolea visiki, chenye uzi wa kinyume, kinachouzwa kwa seti kwenye maduka ya zana. Kinavutia sana machoni. Tatizo lake ni kwamba kimetengenezwa kwa chuma kigumu kuliko biti ya kawaida. Kikikatikia ndani, na kwenye bolti iliyoshikwa na chumvi hukatika, hutakitoboa tena kwa zana za mtaani. Fundi aliyeanza na bolti moja iliyokatika sasa ana mbili, na ya pili haina dawa. Mara nyingi kununua kiti kipya cha usukani kunakuwa nafuu kuliko ushujaa huo, na hakuna aibu ya kukubali hivyo mapema.

Neno kidogo kuhusu vioo vya pembeni, kwa kuwa mashina yake hukatikia kwenye usukani mara nyingi kuliko bolti yoyote, pikipiki inapoanguka. Kwenye Yamaha nyingi kioo cha kulia kina uzi wa kinyume. Anayekifungua kama kawaida anakikaza, na anayekaza kwa nguvu anakikata. Uliza kwanza.

Sasa tuje kwenye kinachofanyika kweli. Madereva wengi wa bodaboda hawaendeshi pikipiki zao. Wako kwenye mkataba: kila siku au kila wiki kuna hesabu ya mmiliki, na siku ya gereji haipunguzi hesabu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia aiache pikipiki ilale na dizeli hadi asubuhi, amesikia kwamba leo halipi na kesho anadaiwa mara mbili. Atakwambia, "Fundi, we nichomelee tu, nina abiria Bombo." Na fundi, ambaye naye anataka fedha yake ya jioni, anachukua waya wa weldingi na kuunganisha kifuniko na bomba la usukani. Kwa nje panaonekana imara kuliko mwanzo. Lakini bomba lile ni jembamba, na chuma kilicho kando ya mshono kimeshabadilika kwa joto. Mtikisiko ambao zamani uligawanyika kwenye kibano chote sasa unaishia kwenye mstari mmoja. Likivunjika litavunjikia hapo, na dereva atabaki na nusu ya usukani mkononi. Kiti kikiwa cha aluminiamu ni mbaya zaidi, kwa sababu waya wa kawaida wa kuchomelea chuma haukishiki hata kidogo. Kilichoonekana kama mshono ni uji wa chuma uliokaa juu.

Kuchomelea usukani si matengenezo. Fundi anayekubali kufanya hivyo amekosea hata kama ameombwa.

Bolti mpya nayo ina masharti. Tazama kichwa chake. Namba 8.8 ina maana kwamba chuma chake hustahimili newtoni 800 kwa kila milimita mraba kabla ya kukatika, na hurefuka moja kwa moja ikifika asilimia 80 ya hapo. Kwa bolti ya milimita 8 hiyo ni karibu tani tatu. Ya 4.6 inabeba nusu. Isiyo na namba yoyote, na ndiyo inayojaa kwenye makopo, hakuna anayeweza kukuahidi lolote juu yake. Badilisha zote nne, si moja, maana hizo tatu zimekula chumvi ileile. Paka grisi kidogo kwenye uzi, na kwa kuwa grisi hurahisisha mzunguko, usikaze kufika kikomo cha juu. Vifuniko vya aina nyingi vina alama ya nukta inayotakiwa kutazama mbele: bolti za mbele hukazwa kwanza hadi pengo lake lifunge, ndipo za nyuma. Anayekaza za nyuma kwanza anaipinda bolti ya mbele siku ya kwanza ya maisha yake.

Tanga haikosi watu wa kazi hii. VETA ina chuo hapa, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ina ofisi mkoani. Fundi anayetoa kisiki kwa subira anastahili kulipwa zaidi ya yule anayechomelea, na kwa sasa mara nyingi hulipwa sawa naye.

Ombi langu ni kwa wenye pikipiki za mkataba, wa Raskazone, wa Sahare, wa Ngamiani na kwingineko. Wekeni kwenye mkataba kwamba siku ambayo pikipiki iko gereji kwa usukani au breki, hesabu haidaiwi. Na nawe dereva, kesho asubuhi kabla ya abiria wa kwanza, shika usukani kwa mikono miwili uusukume chini. Ukisogea, usiondoke.